Relei ya Pampu Iko Mkobani Mwangu

Jumatano jioni, Donholm.

Baridi ya Julai imekaa mtaani tangu Jumapili na jua hatujaliona. Nguo nilizoanika jana bado ziko kwenye kamba na bado ni mbichi. Nimevaa sweta mbili na soksi za Baba.

Nina jambo la kukiri. Nimelificha wiki saba nzima, na hata hapa kwenye blogu, ambapo huwa nawaambia nyinyi wachache mpaka habari za tumbo langu, sikuthubutu kuliandika.

Mimi ndiye niliyeliua gari la Baba.

Wanaosoma hapa mara kwa mara wanalijua gari lenyewe. Kwa mgeni nitaeleza. Baba yangu, Mzee Wafula, alikuwa dereva wa mkurugenzi wa kiwanda kimoja kule Industrial Area kwa miaka ishirini na miwili. Alipostaafu, bosi wake alimpa gari lile lile alilokuwa akimwendeshea: jeusi, refu, viti vya ngozi, la aina waliyokuwa wakiipenda waheshimiwa wa enzi hizo. Mtaani likaitwa Mheshimiwa na jina likashika. Maegesho yetu yalichorwa kwa magari madogo, kwa hiyo pua ya Mheshimiwa hutokeza njiani, na kila anayepita na kikapu cha sokoni lazima aizunguke. Hakuna aliyewahi kulalamika. Nadhani watu hupenda kuambia wageni wao kwamba gari lile ni la jirani.

Limezeeka sasa. Shokabu zake za hewa huvuja usiku kucha, na asubuhi unalikuta limelalia tumbo kama ng'ombe aliyekataa kwenda malishoni. Vioo vya nyuma havishuki. Taa za dashibodi huwaka zote kwa pamoja, nyekundu na za manjano, hata ile inayokuonya kwamba kuna taa imeungua. Kipasha joto hufanya kazi Februari tu, wakati hakuna anayekihitaji. Hayo yote ni maradhi ya kweli. Baba anayajua moja moja na amezoea kuishi nayo.

Lakini ugonjwa wa kukataa kuwaka, huo niliuleta mimi.

Mwezi wa tano nilimpeleka kliniki ya macho. Daktari, mama mmoja mpole wa miwani, akamwambia ana presha ya macho na tayari imeshakula pembeni zote. Kilichobaki ni katikati. Ndiyo maana anaweza kusoma gazeti na kutunga uzi kwenye sindano, lakini mtoto akitoka kando ya barabara hamwoni. Akamwambia asiendeshe tena. Baba akaitikia kwa adabu zake zote, "Nimesikia, daktari." Tulipofika kwenye ngazi akanishika mkono, akaniambia, "Nekesa, haya maneno yabaki hapa hapa." Nikasema sawa, Baba.

Jumapili iliyofuata akachukua ufunguo, akatuendesha kanisani.

Nilikaa kando yake na Biblia mapajani. Karibu na mzunguko tulimpita mtu wa baiskeli karibu mno hadi nikafumba macho. Nilipoyafumbua, yule mtu alikuwa ameshuka kwenye mtaro, anatutukana, na Baba anapiga mluzi wa wimbo wa kuingilia. Hakuwa mkaidi wala jeuri. Hakujua kwamba palikuwa na baiskeli.

Alasiri ile, alipojilaza kidogo baada ya chakula, nilifungua boneti. Mimi ni mtoto wa dereva. Utoto wangu ulipita nikimshikia tochi na kumpa spana. Nilijua pa kushika. Nikachomoa relei ya pampu ya mafuta, kidude cheusi kinachoenea kwenye kiganja, kile kinachopitisha umeme kwenda kwenye pampu. Kikikosekana, stata inapiga na injini inazunguka vizuri tu, ila mafuta hayafiki. Nikakitia mkobani, nikafunga boneti taratibu, nikaingia jikoni kusonga ugali.

Ndivyo ilivyokuwa. Hata dakika tano hazikuisha.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia tu. Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko nyinyi. Kwetu mtoto hamnyang'anyi baba yake kitu mkononi, na mtoto wa kike ndio kabisa. Tangu Mama atutoke, Baba amepoteza vitu vingi: meno, marafiki, usingizi. Gari ndilo lililobaki. Asubuhi akilipangusa na kitambaa chake cha njano, wapita njia humwamkia, "Shikamoo dereva," na mgongo wake hunyooka. Sasa mimi niende nimwambie nini? Nikaona afadhali gari limwangushe kuliko binti yake amwangushe. Gari likigoma hakuna anayeaibika, niliwaza.

Sikuhesabu kitu kimoja. Baba hakubali gari ligome.

Ana mtindo wake wa kutafuta kosa, na nimeishi nao maisha yangu yote. Kwanza husikiliza kabla ya kushika chochote. Halafu hugusa kitu kimoja kwa siku. Kimoja tu. Anasema ukigusa viwili na gari likawaka, hutajua kipi kililiponyesha, na likizima tena utarudi mwanzo kama mpumbavu. Mafundi wa siku hizi wanaochomeka mashine na kusoma kompyuta ya gari huwaona watoto. Karis, fundi wa gereji ya nyuma ya kituo cha mafuta, amejitolea mara tatu kulikagua bure, na mara tatu Baba amemwambia asante, kijana, nikishindwa nitakuita.

Kwa hiyo siku ya kwanza ilikuwa betri. Siku ya pili fyuzi. Siku ya tatu sijui alifanya nini, nilikuwa kazini. Ikafuata plagi, akazipanga juu ya gazeti kwa mpangilio wa injini, akazisugua moja moja. Koili. Chujio la hewa. Chujio la mafuta. Waya wa ardhi. Alitoa kiti cha nyuma akakirudisha. Alilala chini ya gari juu ya gunia, umri wake ule, baridi hii, miguu tu ndiyo iliyokuwa ikionekana, na mimi nikitazama kutoka dirisha la jikoni nikimenya viazi.

Kila jioni aliniita. "Nekesa, hebu njoo unipigie stata." Nami nilitoka, nikaingia, nikakaa kwenye kiti chake, mkoba ukiwa mapajani kwa sababu sikuthubutu kuuacha popote. Nikazungusha ufunguo. Injini ikazunguka, ikazunguka, ikachoka. "Basi," alisema. "Kesho tutaangalia kitu kingine." Na kidude chenyewe kilikuwa kwenye mapaja yangu, kati ya lotioni na kitambulisho.

Nilijua hesabu yake ilikuwa ikipungua. Vitu vya gari vina mwisho. Siku moja angefikia sanduku la relei, na angeona tundu tupu.

Mimi nina kibanda cha kupiga chapa mkabala na mahakama za Makadara. Kutwa nzima nawachapia watu hati za kiapo. Vidole vyangu huandika, Naapa kwamba yote niliyoyasema hapa ni kweli kwa kadiri ya ufahamu wangu, na mkoba uko chini ya meza unanigusa mguu. Wiki ya kwanza niliona inachekesha. Wiki ya tatu nilianza kukosea herufi.

Ndugu zangu wa Kimilili walitaka niende mazishi ya shangazi. Nikasema nina kazi. Kwaya ilikwenda Nakuru. Nikasema nina homa. Sikuweza kumwacha Baba siku mbili na gari lile, na sikuweza kumwambia mtu kwa nini, kwa sababu nilikuwa nimekubali pale kwenye ngazi kwamba maneno yabaki pale pale. Saa sita ya mchana nilikuwa nafunga kibanda narudi nyumbani kuhakikisha pua nyeusi bado inatokeza njiani. Kanisani wanawake walinishika mikono wakisema Mungu atanibariki kwa ninavyomtunza mzee. Nilitabasamu nikitamani sakafu ifunguke.

Kilichonifungia mlango kabisa ni harusi.

Jirani yetu Mama Njoki anamwoza binti yake Jumamosi hii. Njoki mwenyewe tumemlea sote. Usiku aliozaliwa, Mheshimiwa ndiye aliyempeleka mama yake hospitalini. Mnajua kamati za harusi zilivyo. Mtu mwenye gari huandikwa kabla hajafungua mdomo. Kamati ilipokaa mara ya kwanza mwezi wa sita, katibu akasoma kwa sauti, "Gari la bibi harusi, Mzee Wafula. Dereva, Mzee Wafula." Watu wakapiga makofi. Gari wakati huo lilikuwa limeshakufa siku kadhaa, lakini wakasema harusi bado iko mbali, litapona. Baba alisimama, akafunga kifungo cha koti, akasema, "Nimekubali."

Mimi nilikuwa nimekaa karibu naye na sinia la maandazi mkononi. Nilipaswa kusema kitu. Nilipitisha maandazi.

Tangu siku hiyo nilikuwa na njia mbili, na zote mbaya. Relei ikibaki mkobani, Jumamosi Baba ataaibika mbele ya mtaa mzima, na Njoki atakosa gari asubuhi ya harusi yake. Nikiirudisha, Baba atamweka binti wa watu kwenye kiti cha nyuma, na matroni, na watoto wawili wa maua, na ataingia barabara ya Outer Ring akiwa anaona katikati tu.

Leo asubuhi, kabla sijatoka, Mama Njoki akaja na riboni. Nyeupe na zambarau. Alitaka kupima boneti ajue akate urefu gani. Baba alikuwa amesimama na kitambaa chake. Mama Njoki akacheka, akamwambia, "Baba Nekesa, usinifanye nichekwe mbele ya wakwe. Litawaka?"

"Jumamosi litawaka," Baba akasema.

Hakuniangalia alipokuwa akisema hivyo. Alikuwa akiangalia riboni.

Saa tano na nusu nilikuwa nachapa hati ya mama mmoja anayegombania kiwanja, simu ikalia. Karis. Alikuwa anapiga kelele kwa furaha.

"Siz! Ndai ya mzae imewaka! Amekuja hapa na miguu akaniitisha relay ya pampu, nambari ameishika kwa kichwa, nikamtolea kwa ile gari ya scrap. Ameirudisha mwenyewe, akapiga stata mara moja, mara moja siz! Sahi ametoka nayo, anasema anaipeleka roundi. Mimi nakwambia huyo buda ni fundi kutushinda sisi wote!"

Sikumbuki nilimjibu nini. Nakumbuka nilimwachia yule mama hati yake nusu, na kwamba nilipanda pikipiki ya boda bila kuuliza bei, na kwamba njia nzima nilikuwa nikimwomba Mungu kwa sauti hadi yule dereva akageuka kuniuliza kama niko sawa. Nilikuwa nikiwaza saa. Saa sita watoto wa chekechea hutoka.

Pale maegesho palikuwa na doa la oili na njia tupu. Nilikuwa sijawahi kuona njia ile ikiwa tupu.

Nilikimbia kuelekea barabara ya kutokea. Sijakimbia tangu shule. Nikapita duka la Mama Njoki, nikapita kinyozi, na nilipokata kona nikasikia honi, nyingi, za hasira.

Mheshimiwa alikuwa katikati ya njia, kabla ya tuta la mwisho, taa za tahadhari zikipepesa. Nyuma yake foleni. Kioo cha pembeni cha kushoto kilikuwa kinaning'inia kwa waya. Mita chache kutoka hapo mkokoteni ulikuwa umelala ubavu, mitungi ya maji imetapakaa, na mwenye mkokoteni amesimama mzima, Mungu ashukuriwe, mzima kabisa, suruali imelowa, anauliza kila aliyepita, "Huyu mzee haoni? Nilikuwa hapa kando yake! Haoni?"

Baba alikuwa kwenye usukani. Ameshika kwa mikono miwili, ameketi wima, anatazama mbele. Alikuwa amevaa tai.

Nilifungua mlango wa kushoto nikaingia, nikaufunga. Kelele za nje zikapungua. Tulikaa. Mtu wa nyuma yetu alikuwa ameegemea honi yake kabisa.

"Sikumwona," Baba akasema.

"Najua, Baba."

"Alikuwa hapa hapa. Ule mkokoteni ni mkubwa, Nekesa. Ni mkubwa na umejaa maji. Nikasikia kioo, ndipo nikajua kuna kitu."

Sijawahi kumsikia na sauti ile. Nilianza kulia. Nilifungua mkoba kutafuta kitambaa na badala yake nikatoa relei, nikaiweka kwenye dashibodi mbele yake. Sijui kwa nini nilifanya hivyo wakati ule, katikati ya honi. Nilikuwa siwezi kukaa nayo tena hata dakika.

Hakushtuka. Aliiangalia kidogo tu.

"Ulijua lini?" nikamuuliza.

"Siku ya pili. Ukifungua swichi, kabla ya stata, ile pampu hulia kidogo chini ya kiti cha nyuma. Nilisikiliza nikaona imenyamaza. Nikafungua sanduku la relei, nikakuta tundu." Akaigusa kwa kidole. "Relei haichomoki yenyewe. Na boneti ilikuwa imefungwa taratibu, vile nilivyokufundisha."

"Sasa mbona ukafungua plagi? Mbona ulilala chini ya gari kwenye hiyo baridi?"

"Nilikuwa nakungoja."

Nikamtazama.

"Kila siku nilisema leo ataniambia. Nafungua kitu kimoja, nakuita upige stata, nakuachia nafasi. Unapiga, halafu unarudi jikoni." Akavuta pumzi. "Leo yule mama alipoleta riboni, nikaona vitu vya kufungua vimeniishia."

Niliona haya, haya ya kweli, ya kuunguza masikio. Na nitawaambia ukweli mwingine: nilikasirika pia. Wiki saba! Wiki saba namtazama akisugua plagi nzima, zisizo na ubaya wowote, na roho inanitoka, na kumbe anajua. Tulikuwa tumefungiana ndani, mimi na yeye, kila mmoja akimngoja mwenzake afungue, na kila jioni tukila ugali meza moja tukizungumzia bei ya sukuma wiki. Nilitaka kumpigia kelele. Nikamuuliza tu kwa nini basi ametoka na gari leo, kama anajua macho yake.

"Nilitaka nione mwenyewe," akasema. "Si kuambiwa na daktari. Nikiweza kufika Outer Ring na kurudi, Jumamosi nampeleka Njoki. Nisipoweza, nitajua." Akaangalia kile kioo kinachoning'inia, ikambidi ageuze kichwa chote kukiona. "Sasa najua."

Halafu akasema maneno ambayo hayajanitoka kichwani tangu saa sita hadi sasa.

"Ungeniomba ufunguo, ningekupa."

Alizima taa za tahadhari, akavuta breki ya mkono. Nikajaribu kushuka nikakwama. Mlango ule wa kushoto una ugonjwa wake, ukiufunga haufunguki tena kwa ndani. Baba akasema nitulie. Akashuka upande wake. Nilimwona akizunguka mbele ya gari polepole, kiganja kimoja juu ya boneti, akipapasa njia yake, akapita kona ya kwanza, akapita ya pili, na watu wote wa ile foleni wakimtazama. Akafika, akanifungulia mlango, akasimama kando yake ameushika, wima, kama alivyosimama miaka ishirini na miwili kwa mtu mwingine. Nilishuka nikiwa nimeinamisha kichwa. Sikustahili kufunguliwa mlango na mtu yule.

Karis akafika mbio, uso wake umeshaanguka. Baba akampa ufunguo bila maelezo, akamwambia alirudishe gari nyumbani, na asipite tuta kwa kasi. Kisha akaenda kwa yule mwenye mkokoteni. Alimwomba msamaha kwa mikono yote miwili, mbele ya watu, na alipoulizwa tena, "Mzee, kwani huoni?" alijibu waziwazi.

"Sioni vizuri, kijana wangu. Sioni pembeni."

Ndivyo siri yetu ilivyotoka. Mwenye mkokoteni akainama kuokota mitungi yake, na Baba akainama naye, na mimi nikafuata, tukaiokota yote.

Tulirudi kwa miguu, nimemshika mkono upande wa kushoto. Pale kwa kinyozi alijikwaa kwenye ukingo wa njia, na kwa mara ya kwanza hakusingizia viatu.

Sasa yuko sebuleni na redio. Ameshavua tai. Karis alirudisha ufunguo na Baba akauweka juu ya meza, kwenye kitambaa cha mshono wa Mama, akauacha hapo. Hakusema ni wa nani. Mheshimiwa yuko mahali pake anaanza kushuka upande mmoja, kama kawaida ya jioni.

Kesho saa kumi na moja kamati inakaa mara ya mwisho kwa Mama Njoki. Baba ataeleza habari za macho yake mwenyewe. Amesema hataki kusemewa. Karis amekubali kumwendesha bibi harusi, na Baba atakaa naye mbele amwonyeshe namna ya kulibembeleza gari lenye umri ule. Baba akishamaliza kusema na kukaa, nitasimama mimi, niseme ni nani aliyewafanya wangoje wiki sita. Mama Njoki hatanisemesha hadi Krismasi, na wale wanawake wa kanisani watapata la kuzungumza. Basi na wazungumze.

Lakini hayo si yanayonisumbua jioni hii. Kinachonisumbua ni yale maneno yake ya garini. Nimeyageuza na kuyageuza. Kama angenipa kweli, basi wiki saba zangu zote zilikuwa bure, na zake pia. Kama asingenipa, basi nilifanya lililonibidi. Nilihitaji kujua. Nikaacha kuandika, nikaenda sebuleni, nikapunguza redio.

"Baba, kweli ungenipa ule ufunguo?"

Alifikiri.

"Sijui, mama," akasema. "Pengine ningekataa. Pengine tungegombana. Lakini ningependa kuulizwa."

Nikaitikia. Nikarudi jikoni kumchanganyia uji wake wa jioni, nikatia sukari vijiko viwili, kama ninavyotia kila siku tangu Mama afariki. Kijiko kikiwa bado mkononi nikatambua kwamba hata hilo sijawahi kumuuliza.

Nimemuuliza. Anataka kimoja.